Jicho la Moto Lisidanganywe

Vijana wetu wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vyenye boila za dizeli au gesi. Tumewasikia wakisema, "Jicho likisumbua tunalimulikia kiberiti, kazi inaendelea." Hapo ndipo kuna hatari.

Jicho hilo hutambua mionzi ya urujuanimno itokayo kwenye moto, ambayo sisi hatuioni. Moto ukizimika, mtambo hupata habari na kufunga mafuta kwa sekunde chache. Jicho likidanganywa, mafuta yanazidi kuingia, mvuke unajaa tanuru, na cheche moja tu yatosha kulipua boila pamoja na walio karibu.

Basi tunapoliweka, tukumbuke haya:

1. Bomba lake lielekee shina la moto, siyo ncha, kwani mionzi ni mingi pale. Lisione cheche ya kuwashia, litaidhania moto.

2. Bomba liinamie tanuru ili masizi yasikae ndani. Kioo cha kawaida huzuia mionzi hii. Kinatakiwa cha kwatzi.

3. Waya zake zisipite pamoja na waya za transfoma ya cheche. Chanya na hasi zisigeuzwe.

4. Boila inayowaka usiku na mchana inahitaji jicho linalojipima lenyewe, maana likichakaa laweza kuona moto usiokuwapo.

Ukimaliza, boila ikiwaka, funga mafuta kwa mkono uone kama mtambo utajizima. Usipojizima, usiwashe tena, hata bosi akifoka. Kazi hutafutwa, uhai haununuliwi.