Shaba ya Misri, rupia na senti za tundu: jua unachonunua kabla mtaji haujazama

JINJA/MBALE – Mto Nile unaanza safari yake Jinja na kuimaliza katika Bahari ya Kati, upande wa mashariki wa mji wa Alexandria. Ramani hiyo inamrahisishia kazi mtu mwenye maneno matamu. Akikushika mkono pembeni mwa stendi na kukuonyesha kipande cha shaba chenye sura ya mwanamume mwenye ndevu, hana haja ya kueleza mengi. "Boss, hii ni ya Farao. Imepanda na mto." Halafu inakuja bei, na pamoja nayo habari za Mzungu aliyeko Nairobi au Mwarabu aliyeko Dubai anayesubiri kuinunua kwa mamilioni.

Mfanyabiashara anayetoka Busia au Malaba na pesa za mzigo mfukoni hushawishika kwa urahisi. Amezoea kununua rahisi upande huu na kuuza ghali upande ule, na sarafu haina uzito wa gunia la maharagwe wala haiozi kama nyanya. Kasoro ni kwamba bei ya maharagwe anaijua na bei ya sarafu haijui.

Tuanze na shaba ya Misri yenyewe, kwa sababu ipo kweli na inauzwa kihalali katika minada ya Ulaya na Marekani kila mwezi. Alexander Mkuu alipofariki mwaka 323 KK, jemadari wake Ptolemy aliishika Misri, na baadaye akajitangaza mfalme. Ukoo wake, wenye asili ya Makedonia na lugha ya Kigiriki, ulitawala karibu miaka 300 hadi Kleopatra wa Saba alipokufa mwaka 30 KK. Wafalme hao walipiga sarafu za dhahabu, za fedha na za shaba. Za shaba ndizo zilizotumika sokoni kununua mkate na bia, ndiyo maana zimebaki nyingi mpaka leo.

Ukishika ya kweli, upande mmoja mara nyingi utaona kichwa cha mungu Zeus Ammon, mwenye ndevu na pembe la kondoo dume lililojikunja sikioni. Upande wa pili kuna tai aliyesimama juu ya radi, wakati mwingine tai wawili. Kuzunguka ukingo kuna maandishi ya Kigiriki: ΠΤΟΛΕΜΑΙΟΥ ΒΑΣΙΛΕΩΣ, yaani "ya Mfalme Ptolemy". Kati ya miguu ya tai, au kando yake, huwa kuna herufi ndogo au alama ya pembe iliyojaa matunda. Alama hizo ndogo ndizo wataalamu wanazozitafuta kwanza, kwani wafalme wote wa ukoo ule waliitwa Ptolemy na jina peke yake halitofautishi baba na mjukuu.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huidhania ni kasoro. Tangu mageuzi ya Ptolemy wa Pili katikati ya karne ya 3 KK, sarafu nyingi za shaba zina kishimo kidogo katikati, pande zote mbili, kilichobaki kutokana na jinsi fundi alivyokiandaa kipande kabla ya kukipiga muhuri. Kishimo hicho hakipenyi. Sarafu yenye tundu lililotoboka kabisa ni jambo jingine, na tutalifikia.

Ukubwa nao unasema. Zile kubwa zina kipenyo cha zaidi ya milimita 40 na uzito wa gramu 60, 70 au hata zaidi ya 90. Ukiiweka kiganjani unahisi umeshika jiwe. Ndogo zinaweza kuwa na gramu 3 au 4 tu. Mizani midogo ya betri, ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu ya Busia, inatosha kabisa kwa kazi hii, na rula ya mwanafunzi inatosha kwa kipenyo.

Kisha sumaku. Shaba haivutwi na sumaku; kipande kikinata, ni chuma kilichopakwa rangi. Angalia pia ukingo: mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo ni alama ya kalibu, maana yake kipande kilimiminwa kama sufuria. Sarafu za namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya watalii na kuuzwa kwa wingi. Na kama imeandikwa mwaka "300 KK", cheka uondoke. Aliyeishi wakati huo hakujua kwamba Kristo atazaliwa.

Je, kuna sarafu kama hizo zilizowahi kupatikana Afrika Mashariki? Pwani, zipo taarifa mbili zinazotajwa mara kwa mara. Moja ni ya sarafu ya Ptolemy iliyouzwa kwa mfanyabiashara Mjerumani huko Msasani, Dar es Salaam, mwaka 1901. Nyingine ni ya Kapteni Haywood, Mwingereza aliyedai kuokota fungu la sarafu mwaka 1912 huko Port Durnford, kusini mwa Somalia ya leo. Ndani ya fungu lake zilikuwemo za akina Ptolemy, za Warumi, na hata za Misri ya karne nyingi baadaye. Mchanganyiko huo ndio uliowatia wasomi shaka: unafanana zaidi na mkusanyiko wa mtu mmoja kuliko akiba iliyofukiwa siku moja. Ikiwa pwani, ambako merikebu za Bahari ya Shamu zilifika, ushahidi bado unabishaniwa, basi anayekuambia ameifukua ya kwake chini ya mlima Wanale anastahili maswali makali zaidi.

Zilizomo mikebeni

Zinazopatikana kweli Jinja na Mbale, katika mikebe ya mabibi, kwenye marundo ya vyuma chakavu na nyuma ya makabati ya maduka ya zamani, ni za kwetu wenyewe. Na hazina haja ya kusingiziwa Ufarao.

Kongwe zaidi ni rupia ya fedha ya India, iliyolipia pamba na kodi ya nyumba hadi mwaka 1920. Hii ndiyo inayozushiwa mengi: kwamba ina zebaki ndani, kwamba inavuta punje za mchele. Huko India utapeli wa sarafu ya kuvuta mchele umewapeleka watu mahabusu zaidi ya mara moja. Rupia ni fedha, basi. Ina gramu 11.66, asilimia 91.7 yake ikiwa fedha halisi, sawa na zaidi kidogo ya theluthi ya wakia. Wakia ikiuzwa dola 48, fedha iliyomo ni ya kama dola 16 na nusu. Ya kawaida, iliyochakaa, haizidi hapo kwa mbali.

Zikafuata senti za tundu, za kunyongwa kwenye uzi kama simbi za zamani. Si ajabu kwamba Waganda hadi leo pesa wanaiita ensimbi. Za mwanzo kabisa, senti moja ya 1907 na 1908, zilikuwa za alumini, nazo zikaliwa na unyevu wa huku hata serikali ikalazimika kuzibadilisha mwaka 1909. Kwa sababu hiyo, ile ya alumini iliyobaki safi hupata mnunuzi haraka kuliko dada zake.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1919, ndiyo iliyojaza mikebe. Shilingi yake yenye simba mbele ya milima ilipokelewa Jinja, Kisumu, Tanga na, tangu 1936, Unguja, bila mtu kuuliza kiwango cha kubadilisha. Jambo ambalo Itifaki ya Umoja wa Fedha iliyotiwa sahihi Kampala Novemba 30, 2013 bado inalisubiri. Shilingi za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, kiasi cha moja ya kumi na sita ya wakia. Kwa bei ile ile ya dola 48, ni dola 3. Za 1948 na kuendelea hazina fedha hata chembe, ingawa kwa macho zinafanana. Mwaka uliochapwa unamaliza ubishi.

Wengi hukimbilia senti 5 na senti 10 za 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Hoja yao ina mantiki: mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla hajavikwa taji, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia sokoni kama kawaida. Lakini za Afrika Mashariki, kwa kuwa zina tundu na hazihitaji sura ya mfalme, zilikuwa zimekwisha kupigwa kwa mamilioni. Ya kawaida ni ya dola chache. Anayeidai shilingi milioni moja za Uganda ama ameonewa naye, ama anataka kuonea.

Uzee si bei

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Shaba ndogo ya Ptolemy iliyochakaa, yenye umri wa miaka zaidi ya 2,200, huuzwa dola 10 hadi 40. Kubwa iliyo nzuri, tai akionekana manyoya, hupata dola 100 hadi 400, na ya kipekee hupita hapo. Za Kleopatra wa Saba, zenye sura yake na herufi Π au Μ kuonyesha thamani ya 80 au 40, hupanda zaidi kwa sababu ya jina la mwenyewe.

Sasa linganisha na shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, yenye pembe saba na korongo wa taifa. Ilipigwa kwa mamilioni, kisha ikaondolewa na karibu yote ikayeyushwa. Iliyosalimika huwapita kwa bei Ptolemy wengi wadogo. Hiyo, mtu akiiona katika mkebe, huitupa. Na kutoka upande wa Tanzania, rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati Wajerumani wamezingirwa vitani, yenye tembo na mlima, zilikuwa 16,198 tu. Leo moja ni ya maelfu ya dola. Kwa hiyo za bandia zimejaa. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17.

Usiisugue sarafu. Majivu, limau na mchanga huondoa utando wa kijani ambao mkusanyaji anaulipia, na bei inaweza kushuka kwa nusu dakika hiyo hiyo. Kijani cha ungaunga kinachodondoka ndicho cha kuogopa, maana kinaendelea kuila shaba. Sarafu hiyo iwekwe pakavu, mbali na nyingine.

Mpakani

Wachuuzi wanaotumia cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 wasidhani kitafunika shaba ya Kigiriki. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Kenya, kwa sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Uganda ina sheria yake mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale ya mwaka 2023. Misri ndiyo kali zaidi: tangu sheria namba 117 ya 1983, vitu vya kale ni mali ya dola na biashara yake ni marufuku. Basi muuzaji anayejisifu kwamba sarafu yake "imetoka Misri mwaka jana" anatangaza kosa la jinai na kukuomba ulinunue. Hata ikiwa ya kweli, nyumba ya mnada yenye jina itauliza karatasi za ilikotoka, na bila karatasi itaikataa.

Ishara ya mwisho ni ada. Mnunuzi wa kweli hulipa, haombi alipwe. Anayetaka pesa ya "kupima", ya "kibali" au ya "tiketi ya mtaalamu" kabla sarafu haijauzwa anafuata ada hiyo, si sarafu.

Mwenye kipande anachokidhania cha maana anaweza kuanzia Makumbusho ya Uganda, Kitante, Kampala. Wakusanyaji na nyumba za mnada nje ya nchi hawahitaji kukishika ili kutoa jibu la awali: picha mbili kali zilizopigwa mchana, moja kwa kila upande, uzito kwa gramu na kipenyo kwa milimita. Vyote hivyo vinatumwa kwa simu, na sarafu yenyewe inabaki nyumbani Mbale.