KUMWONDOA MTU MJINI SI KUMTENGENEZA

Hapa Lodwar mtu aliyekwisha kufungwa mara mbili tatu kwa wizi akionekana tena akizungukazunguka madukani, husikika watu wakisema, "Huyu afukuzwe mjini, asikanyage tena!" Neno hilo halikosi sababu. Mwenye duka aliyevunjiwa mlango, na mama aliyenyang'anywa fedha za mbuzi wake, hawana budi kulindwa. Lakini yatupasa kuuliza: mtu huyo akiisha kufukuzwa, huenda wapi?

Shauri hili si jipya. Mwaka 1944 Serikali ya Tanganyika ilitoa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika wasiotakiwa. Asiye na kazi, au aliyepata kuhukumiwa, aliweza kurudishwa kwao. Katika Dar es Salaam waliitwa wahuni, wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi upesi, na wengine walikamatwa na kurudishwa zaidi ya mara moja. Kule walikopelekwa hawakukuta kazi ya mshahara; mjini ndiko kulikokuwa na kazi, na jamaa wa kuwapa malazi. Sheria iliwahamisha miguu tu.

Sisi wa Turkana twalijua jambo hili kwa upande wake wa pili, maana nchi yetu ilikuwa mahali pa kuwapelekea watu wasiotakiwa kwingine. Ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila ruhusa. Mzee Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, akafungwa Lokitaung. Kifungo chake kilipokwisha mwezi wa Aprili 1959 hakuachiliwa kwenda kwake, bali aliletwa Lodwar akae chini ya amri, hata alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Adhabu ilikwisha, lakini kuzuiliwa hakukwisha. Tarehe 1 Juni 1963 mtu huyo huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Kenya.

Kakuma nako kuna funzo. Kambi yake ilianzishwa mwaka 1992. Wakimbizi si wahalifu. Hata hivyo, mwezi wa Desemba 2012 ilitolewa amri kwamba wakimbizi wote walioko mijini waende Kakuma na Dadaab, kwa ajili ya usalama. Mwezi wa Julai 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliitangua, kwa kuwa haikuonyeshwa jinsi kuwahamisha watu wote, wema kwa wabaya, kungeleta usalama huo. Ingawa hivyo, mwaka 2014 amri kama hiyo ilitolewa tena, na wengi wakapelekwa kambini.

Hata Marekani wamejaribu. Mwaka 1996 mji wa Cincinnati uliwakataza waliokamatwa kwa dawa za kulevya wasiingie katika mitaa fulani, hata kabla ya kuhukumiwa. Bibi mmoja akawa hawezi kuwasindikiza wajukuu wake shuleni. Mwaka 2002 mahakama ya rufani iliona kuwa sheria hiyo yavunja haki.

Je, tuwaache wezi watawale soko? Hasha! Mwizi ashitakiwe, na akiwa na hatia aadhibiwe. Ikiwa ni lazima azuiliwe mahali, na azuiliwe na hakimu baada ya kusikilizwa, kwa mahali palipotajwa na kwa siku zilizohesabiwa, asifungiwe njia ya hospitali wala ya kazi. Tena pawepo mtu wa kumwangalia. Kenya ina maafisa wa kuangalia tabia za wahukumiwa, na tangu mwaka 1998 ina sheria ya kuwapa wenye makosa madogo kazi za kuufaa umma badala ya kifungo. Njia hizo zahitaji subira na fedha, nazo hazimwondoi mtu machoni petu. Lakini zamwacha mahali anapojulikana.

Kufukuza ni rahisi. Mwizi wa Lodwar akifukuzwa atapanda gari kwenda Kakuma; Kakuma wakimfukuza atarudi Lodwar, naye njiani hatakuwa amejifunza kazi yo yote. Wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Nasi, tupende tusipende, ndio wa kwao.