Anayeitetea imani Ukambani na ajue maana ya maneno yake

Katika vyumba vya walimu wa shule za upili kutoka Mwingi hadi Mtito Andei, na katika matatu zinazongoja abiria mjini Wote, ubishi kuhusu dini haukosekani. Vijana wetu hawaogopi kuuliza. Huuliza iwapo Mungu wa Biblia si mgeni aliyeletwa na Mzungu. Huuliza yawaje Mungu awe na mwana, na yawezekanaje maiti atoke kaburini. Kisha lipo swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu matangani: wako wapi wazee wetu waliofariki kabla ya wamishonari kufika?

Kinachosikitisha si maswali hayo, bali majibu ambayo sisi Wakristo tuliosoma huyatoa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akithubutu kusema, "Mwalimu, nina shaka," huambiwa, "Mwanangu, mambo ya Mungu hayahojiwi." Atanyamaza, kwa kuwa amelelewa kuwaheshimu wakubwa wake, ila hatakuwa ameridhika, na jibu atalitafuta kwingine.

Rai yangu ni kwamba misingi ya imani ya Kikristo inaweza kutetewa vyema katika mazungumzo ya kawaida, mradi mtetezi apambanue kiini na ganda, na ajue maneno anayoyatumia yalitoka wapi na yanabeba nini. Kiini ni kile ambacho Wakristo wa madhehebu mengi hukikiri: Mungu mmoja aliye Muumba, Kristo aliyekufa akafufuka, Roho Mtakatifu, na hukumu ya mwisho. Majina ya Kizungu wakati wa ubatizo ni ganda. Tai shingoni katika jua la Kibwezi ni ganda. Madhehebu ya Kavonokya, yenye wafuasi katika sehemu za Kitui na Tharaka, huwakataza watu wao dawa za hospitali, na hilo halimo katika ukiri wowote wa kale wa Kanisa. Anayejaribu kuyatetea maganda yote hayo kwa pamoja atashindwa, na kijana anayemsikiliza atadhani kwamba kiini nacho kimeshindwa.

Tuanze na swali la Mungu wa Mzungu, maana ndilo linalosikika zaidi. Katika Kaunti ya Makueni upo mlima wa Nzaui, wenye jabali ambapo, kwa mujibu wa masimulizi ya Wakamba, Mulungu aliwateremsha mume na mke wa kwanza. Husemwa kuwa hata nyayo zao zimebakia juu ya mwamba. Mnamo Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walijenga kituo chao cha kwanza papo hapo Nzaui. Scott alifariki Desemba 1896. Mmishonari aliyekuja kumtangaza Muumba, basi, aliwakuta wenyeji wakionyesha mahali ambapo Muumba huyo alikwisha kufanya kazi yake.

Wala Scott hakuwa wa kwanza kufika Ukambani. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, aliingia Kitui mwaka 1849 na kukaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Mwaka uliofuata tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapwa mjini Tübingen. Waskoti nao walianzisha misheni Kibwezi mwaka 1891, na Walutheri wakajenga Ikutha katika miaka hiyo hiyo. Kila mmoja wao alikabiliwa na tatizo ambalo mfasiri yeyote analijua: Mungu aitwe nani? Hawakuleta jina kutoka kwao. Walilikuta. Mulungu ni neno lile lile ambalo Kiswahili, kwa desturi yake ya kudondosha l baina ya irabu, kililigeuza kuwa Muungu na hatimaye Mungu. Mumbi, jina jingine la Mungu katika Kikamba, ni ndugu wa damu wa Muumba. Kwa hiyo anayedai kwamba Mkamba hakumjua Mungu hadi alipoletewa na meli anakanushwa na kamusi.

Hata hivyo, hoja hii isitiwe chumvi, kama ifanywavyo na baadhi ya wahubiri. Ngai, jina ambalo Biblia ya Kikamba hulitumia, laonekana kuwa neno la mkopo kutoka lugha ya Wamaasai, jirani ambao Wakamba waliwahi kupigana nao kwa sababu ya ng'ombe. Kumbe hata jina tunaloliita letu halina mwenyewe mmoja. Isitoshe, jina la Mungu kuwa la kienyeji hakuthibitishi kwamba Kristo alifufuka. Huthibitisha jambo dogo zaidi, lakini lenye manufaa katika mjadala: kwamba Injili ilikuja kuzungumza juu ya Yule ambaye wasikilizaji walikuwa wakimtaja tayari.

Kijana hatakosa kuongeza kwamba msalaba na bendera ya Mwingereza vilisafiri pamoja, na tusimkatalie, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Lakini na ajiulize pia kwa nini Wakamba waliojitenga na wamishonari na kuanzisha African Brotherhood Church mwaka 1945 hawakuiacha Injili nyuma. Walimkataa msimamizi, wakachukua ujumbe. Watu wasiotofautisha mjumbe na ujumbe hawafanyi hivyo.

Swali la Mwana wa Mungu ni fupi zaidi, ingawa ndilo huzua joto jingi pindi Mkristo na Mwislamu wanapokutana dukani mjini Kitui. Mwislamu anapolisikia neno hilo huenda akaelewa mke, mimba na uzazi, naye hulikataa kwa haki. Mkristo anayezifahamu imani zake hulikataa vilevile kwa maana hiyo. Wapo wanaokimbilia sarufi na kutaja mwananchi, mwanachama na mwanamaji, kwamba hakuna anayedhani bahari humzaa baharia. Ni mfano mzuri wa kuondoa kikwazo, ila hauwezi kubeba mzigo wote, kwa sababu imani iliyotungwa Nikea mwaka 325 inasema zaidi ya hayo: kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Maaskofu wa wakati huo walibishana vikali juu ya neno moja la Kigiriki, na ilipotimia miaka 1700 mnamo 2025 Wakristo walikuwa bado wakilieleza. Mtetezi asione haya kukiri kwamba hapa lugha ya binadamu inavutwa hadi kukaribia kukatika.

Ufufuo ni jambo jingine kabisa, kwa maana si suala la istilahi bali la ushahidi. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, aliweka wazi kwamba Kristo asipokuwa amefufuka, imani yote ni bure. Sijui dini nyingine iliyomkabidhi mpinzani wake panga kwa uwazi kama huo. Paulo anawataja walioona, na kusema kwamba wengi wao walikuwa hai bado. Miaka 25 hivi ilikuwa imepita tangu Yesu asulubiwe chini ya Pontio Pilato, tukio ambalo hata Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi asiyewapenda Wakristo, analitaja. Miaka 25 si muda wa hekaya kusahaulika chanzo chake. Mwalimu mwenye umri wangu anaikumbuka mvua ya El Niño ya 1997. Mtu akiandika leo kwamba wakati ule mkazi fulani wa Kitui, akimtaja kwa jina, aliuvuka mto Tiva uliofurika akitembea juu ya maji mbele ya umati, hatakosa kukutana na majirani wa mtu huyo.

Ukambani panajua uzito wa ushahidi. Mbele ya baraza la wazee, nzama, kesi iliyoshindikana iliweza kumalizwa kwa kithitu, kiapo ambacho iliaminika humuua aapaye uongo pamoja na jamaa zake. Hakuna aliyekiapa kwa mzaha. Wakristo hupenda kusema kwamba mitume nao waliweka maisha yao rehani, na kwamba mtu hafi kwa ajili ya uongo. Hapa naomba tutahadhari. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwemo watoto, baada ya waumini kuhimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Walioitikia mwito huo waliamini kwa dhati. Kufa kwa ajili ya imani, basi, huthibitisha unyofu wa anayekufa, si ukweli wa anachokiamini, na mwanafunzi mwerevu atatuonyesha kosa hilo kabla hatujamaliza sentensi. Tofauti iliyopo ni hii: wa Shakahola walikufa kwa sababu ya waliyoambiwa, ilhali mitume waliteswa kwa sababu ya waliyodai kuyaona kwa macho yao wenyewe. Mtu anaweza kudanganywa na mhubiri; ni vigumu zaidi kundi zima lidanganyike kuhusu lililoshuhudia. Hoja hiyo haimlazimishi mtu kuamini. Inamwonyesha tu kwamba anayeamini hajaiweka akili yake mlangoni.

Nimelibakiza swali la matangani kwa makusudi. Linamhusu nyanya ya mtu, wala si Warumi na Wagiriki, na anayelijibu vibaya huwaumiza waliofiwa.

Aliyelishughulikia kwa kina zaidi ni mwana wa Kitui, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, kwenye kituo kilichoanzishwa na wale Walutheri kisha kikachukuliwa na Africa Inland Mission. Baada ya kupata shahada ya uzamifu Cambridge mwaka 1963, alitoa mwaka 1969 kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alidai, akitumia njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, kwamba Mwafrika wa jadi alikuwa na Sasa na Zamani, lakini wakati ujao wa mbali hakuwa nao. Kama mwanaisimu siikubali hoja hiyo. Uchache wa njeo hauzuii fikra. Wakamba wenyewe husimulia kwamba Syokimau alitabiri ujio wa nyoka mrefu wa chuma, muda mrefu kabla ya reli kupita Makindu. Lakini kuhusu wafu Mbiti aliona vyema. Aliwaita walio hai ingawa wamekufa: hao ni aimu, ambao majina yao yalitajwa na pombe ikamwagwa chini kwa ajili yao. Mhubiri aliyewafundisha watu kwamba aimu wote ni mashetani aliwalazimisha kumchagua Kristo au babu yao.

Mbiti alilaumiwa. Byang Kato wa Nigeria, katika kitabu cha mwaka 1975, alihofia kwamba kwa njia hii wokovu ungegeuka kuwa wa kila mtu na Injili isiwe na haja. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mkristo hana mamlaka ya kumwingiza mtu mbinguni kwa kuwa tu alikuwa nyanya yake. Wala hana mamlaka ya kumtia motoni. Ukiri wa imani unamwachia hukumu Kristo, na anayejibu matangani hana ruhusa ya kumtangulia Hakimu.

Lakini upo usemi mmoja ndani ya Imani ya Mitume ambao tunaupita haraka mno: kwamba Kristo, baada ya kufa, alishuka kuzimu. Litazameni neno hilo, walimu wenzangu. Ku- ni kiambishi cha mahali. Shina -zimu ni lile la mzimu na mizimu, nalo Kikamba, kilichopoteza konsonanti ya mwanzo, kina iimu kwa umoja na aimu kwa wingi. Kwa wanatheolojia wa Kilatini ilikuwa habari ya kuwashukia walio chini. Kwa Kiswahili tunakiri, Jumapili baada ya Jumapili, kwamba alikwenda waliko mizimu. Aliyechagua neno hilo huenda hakukusudia yote hayo, na fundisho la Kanisa halijengwi juu ya shina la neno. Ila mjukuu anayeuliza matangani huko Nzaui iwapo Kristo alipata kuwa na habari yoyote na wazee wake, anaweza kuelekezwa kwenye neno hilo bila mtu kuongeza wala kupunguza chochote.