Mtutu mrefu au mfupi? Hesabu ya bunduki ya shamba na duka pembezoni mwa Dar

MKULIMA wa mihogo wa Mabwepande na mwenye duka la vifaa vya ujenzi wa Mbagala Rangi Tatu wanaweza kujikuta mbele ya kaunta moja ya duka la silaha, wakaonyeshwa bunduki zilezile na kuulizwa swali lilelile: unataka mtutu wa inchi ngapi? Wengi hujibu kwa mazoea. Mkulima hutaka mrefu kwa kuwa anaamini unafika mbali. Mfanyabiashara hutaka mfupi kwa kuwa ndio anaouona kwa walinzi wa benki na vituo vya mafuta. Kila mmoja ana nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula fedha.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile ya marisau, ambayo mitaani huitwa shotigani. Inayotumika zaidi ni ya namba 12. Namba hiyo ni ya kizamani: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa vidonge 12 vilivyo sawa, kila kidonge kinaenea ndani ya mtutu wenye kipenyo cha karibu milimita 18.5. Mitutu yake huuzwa kuanzia inchi 18 au 20 kwa kazi ya ulinzi, hadi 26, 28 na 30 kwa kazi ya porini.

Imani kwamba mtutu mrefu una nguvu zaidi ilitokana na gobole, na wakati wa gobole ilikuwa kweli. Baruti nyeusi inahitaji urefu ili isukume marisau ipasavyo. Baruti isiyo na moshi, iliyoenea kuanzia mwisho wa karne ya 19, ilibadili mambo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake inamalizika mtutu ukiwa bado haujafika mwisho. Katika miaka ya 1920 mtengeneza bunduki wa London, Robert Churchill, alijipatia jina kwa kuuza bunduki za mtutu wa inchi 25 wakati wenzake waling'ang'ania 30. Alisemwa sana, lakini bunduki zake zilinunuliwa.

Kwa risasi za leo, kila inchi inayopungua huondoa kasi ya takriban mita 1.5 hadi 3 kwa sekunde. Kutoka inchi 28 hadi 20 hasara ni kati ya mita 12 na 25, wakati marisau yanatoka kwa kasi ya karibu mita 400 kwa sekunde. Mnyama aliye mita 25 haoni tofauti hiyo.

Kinachoamua marisau yatawanyike vipi ni mbano wa mdomo wa mtutu, ambao wauzaji huuita choki. Kwa umbali wa mita 37, mtutu usio na mbano huingiza takriban punje 40 katika kila 100 ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 76. Wenye mbano kamili huingiza 70. Mnunuzi anayelipia inchi mbili za ziada bila kuuliza mbano ni upi ni sawa na anayenunua pampu ya maji kwa kutazama urefu wa bomba.

Urefu una kazi yake, ila si hiyo. Mtutu mrefu hutulia mkononi, husaidia kulenga kitu kinachokimbia au kuruka, na hupeleka mlio mbali kidogo na masikio ya mpigaji. Mfupi hugeuka upesi na haunasi kwenye vichaka. Tena inchi za kwenye karatasi hazitoshi. Bunduki ya pampu ina chumba kirefu cha risasi nyuma ya mtutu, kwa hiyo pampu ya inchi 26 huwa ndefu kwa jumla kuliko ya mitutu miwili ya inchi 28. Anayenunua achukue futi kamba apime kutoka kitako hadi mdomo.

Huko shambani adui anayetajwa zaidi ni nguruwe pori. Msitu wa Pande, uliofanywa pori la akiba mwaka 1990, uko jirani kabisa na mashamba ya Mabwepande. Upande wa kusini kuna msitu wa Vikindu, na magharibi Pugu na Kazimzumbwi. Nguruwe hutoka usiku, hufukua mihogo na kuangusha mahindi. Kwa mlinda shamba anayetembea kwenye matuta gizani, mtutu wa inchi 24 hadi 26 unatosha, na hauna cha kupungukiwa mbele ya ule wa 30.

Tatizo ni risasi yenyewe. Marisau madogo ya ndege humjeruhi tu nguruwe mkubwa, naye huenda kufia mbali au hurudi akiwa na hasira. Marisau makubwa humwangusha, lakini yanaweza kusafiri zaidi ya mita 600 kabla ya kuanguka. Hata yale madogo ya namba 6 hufika mita 200 na ushei. Shamba ambalo miaka 20 iliyopita lilipakana na pori leo lina nyumba pande tatu, na mtu amelala nyuma ya bati. Hakuna urefu wa mtutu unaoondoa hatari hiyo.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuua mnyamapori bila kibali. Inatambua kujihami na kulinda mali, lakini aliyeua anatakiwa kutoa taarifa, na nyama si yake. Anayenunua bunduki akipiga hesabu ya kitoweo aifute hesabu hiyo mapema.

Iliyobaki ni hesabu ya shamba. Tuseme, kwa mfano tu, bunduki imenunuliwa kwa shilingi milioni 3 na itatumika miaka 15. Hiyo ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Ongeza kibali, risasi, mafuta ya kusafishia na sanduku la chuma la kufungia, tuseme 150,000. Jumla 350,000 kila mwaka, nguruwe waje wasije. Kama hasara ya mihogo ni shilingi 120,000 kwa mwaka, bunduki inakula kuliko nguruwe. Majirani watano wanaweza kuchangia uzio, mbwa na zamu za usiku, lakini hawawezi kuchangia bunduki, kwa kuwa kibali ni cha mtu aliyeandikwa na si cha kikundi.

Mfugaji wa kuku wa Chamazi au Bunju ana adui mwingine, kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 kwa ajili ya kula takataka na baadaye akaenea bara. Ndege huyo ni mjanja. Akishaona mwenzake ameanguka, humjua mwenye bunduki na kukaa mbali naye. Linganisha bei ya risasi moja na ya kifaranga wa siku moja, halafu uliza bei ya wavu.

Kwa mwenye duka, mtutu wa inchi 18 hadi 20 una sababu moja ya msingi: mlango na rafu. Bunduki ndefu hugonga mbao na kunasa kwenye kona. Lakini wapo wanaoununua mfupi wakiamini kwamba unafagia chumba kizima. Si kweli. Katika umbali wa mita 5 marisau huwa bado yamekusanyika katika eneo la upana wa kiganja. Asiyelenga atakosa, na yatakayokosa yatapenya ubao au bati na kumfuata mteja au jirani upande wa pili.

Kuna jambo zito zaidi ambalo muuzaji hawezi kulitaja. Bunduki yenyewe ni mali inayowindwa. Agosti 2016 pale Mbande, Temeke, askari polisi wanne waliuawa kwenye tawi la benki na silaha zao zikaporwa. Walikuwa watu waliofunzwa, na hawakuwa peke yao. Mlinzi mmoja wa duka, anayesinzia saa tisa usiku na bunduki mapajani, anaweza kuwa ndiye sababu ya majambazi kuja. Kwa maduka mengi, kupunguza fedha taslimu zinazolala ndani kunaleta faida kubwa kuliko mtutu wowote.

Wapo pia wanaopata ile ndefu kwa bei nafuu wakafikiria kuikata. Taarifa za polisi za bunduki iliyokatwa mtutu na kitako zinafahamika, na wanaotajwa humo si wakulima. Nchi nyingine zimeweka kipimo wazi: Marekani inchi 18 tangu mwaka 1934, Uingereza 24. Mbali ya kesi, msumeno huondoa mbano wa mdomo, hivyo bunduki haifai tena kwa mnyama aliye mbali kidogo. Haitauzika, wala haitalingana na maelezo ya kwenye kibali.

Anayenunua iliyotumika alinganishe namba iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, na aulize kama ilipita katika uhakiki wa silaha wa mwaka 2016. Achungulie ndani ya mtutu mchana, risasi zikiwa zimetolewa. Hewa ya chumvi ya Mbweni na Kigamboni hutoboa chuma kwa vidoti vya kutu ambavyo havionekani kwa nje. Baadhi ya bunduki za pampu hukubali kubadilishwa mtutu, wa 20 kwa nyumbani na wa 26 kwa shamba, lakini polisi waulizwe kabla mtutu wa pili haujalipiwa. Maombi ya kibali huanzia serikali ya mtaa, na huko swali la kwanza huwa ni bunduki ni ya kazi gani.