Mama Katharine na Mabinti wa New Orleans

Je, umewahi kumwuliza binti yako yule mtakatifu aliyeandikwa kwenye nembo ya sweta lake la shule alikuwa nani? Wengi wetu tunalipa karo, tunaishona nembo ile kwa mkono inapobanduka, tunaipiga pasi kila Jumapili jioni, lakini tukiulizwa mwenye jina hilo aliishi wapi na alifanya nini, tunabaki kutazamana. Watoto nao hawajui zaidi ya sala inayosomwa siku ya sikukuu ya somo wa shule, na labda kwamba siku hiyo hupikwa pilau.

Mwezi huu tumeona tuwapeleke mbali kidogo, hadi mji wa New Orleans katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Huko ilianzishwa shule ya sekondari, na kutoka katika shule hiyo kikazaliwa chuo kikuu, na vyote viwili vinamhesabu Mtakatifu Katharine Drexel kuwa mama yao. Wanafunzi wa huko wanamjua vizuri, maana wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya watu ambao bila yeye wasingepata pa kusomea.

Katharine alizaliwa Philadelphia tarehe 26 Novemba 1858. Wiki tano baadaye mama yake mzazi akafariki. Baba yake, Francis Drexel, alikuwa mwenye benki, tajiri kweli kweli, naye akaoa tena mwaka 1860. Huyo mke wa pili, Emma Bouvier, ndiye tunayetaka kumtazama kwanza, kwa sababu katika hadithi zetu mama wa kambo hupewa sura mbaya tu. Emma aliwalea Katharine na dada yake Elizabeth sawasawa na Louise, aliyemzaa mwenyewe mwaka 1863. Siku kadhaa kila juma mlango wa nyumba yao ulifunguliwa kwa maskini. Huyu amekosa kodi ya nyumba, yule hana nguo ya baridi, mwingine anatafuta kazi. Mabinti walisimama hapo hapo wakimsaidia mama kugawa. Baba naye akirudi kutoka benki aliingia chumbani kusali kabla ya jambo lingine. Hivyo ndivyo watoto wale walivyofundishwa dini, kwa macho yao wenyewe, nyumbani.

Kisha Emma akapata kansa. Kwa miaka 3 Katharine alimwuguza, akaona jinsi fedha zote za baba yake zilivyoshindwa kumwondolea mama maumivu ya usiku mmoja. Emma alifariki mwaka 1883, na baba akafuata mwaka 1885. Aliacha mali ya dola kama milioni 15 na nusu. Sehemu ya kumi ilikwenda kwa kazi za huruma, na nyingine yote ikawekwa katika mfuko ambao mabinti watatu wangekula mapato yake tu. Kama wangekufa bila kuacha watoto, mtaji wenyewe ungepewa taasisi alizozitaja baba katika wosia. Tunaomba ulikumbuke sharti hilo, maana litarudi mbele.

Mwaka 1887 akina dada hao walikwenda Roma, wakapokewa na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu. Katharine alikuwa ameshaanza kusaidia shule za wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao zamani tulizoea kuwaita Wahindi Wekundu, na akaomba wapelekewe wamisionari. Papa akamwuliza kwa nini asiwe mmisionari yeye mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alitoka nje akilia. Alikuwa amekuja kuomba watu, akaombwa yeye!

Mwaka 1889 aliingia unovisi kwa Masista wa Huruma huko Pittsburgh. Mwaka 1890 dada yake Elizabeth, bibi arusi wa miezi michache tu, akafariki katika uzazi pamoja na mtoto. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Tarehe 12 Februari 1891 Katharine aliweka nadhiri na kuanzisha shirika la Masista wa Sakramenti Takatifu, kwa ajili ya Wamarekani weusi na wenyeji wa asili.

Ili tuelewe uzito wa kazi hiyo, yafaa tuseme waziwazi hali ilivyokuwa. Katika majimbo ya kusini watoto weusi na weupe walitenganishwa kwa sheria. Mjini New Orleans, mwaka 1900, wakuu wa shule za umma waliamua masomo ya watoto weusi yaishie darasa la 5. Basi! Mama mweusi aliyetaka binti yake awe mwalimu hakuwa na pa kumpeleka katika shule za umma. Mwaka 1915 Mama Katharine alinunua jengo kwenye barabara ya Magazine, lililoachwa na chuo kilichohamia mji mwingine, akafungua sekondari iliyoitwa Xavier. Mwaka 1917 akaongeza masomo ya ualimu, mwaka 1925 pakawa na chuo kamili, na mwaka 1927 kitivo cha ufamasia. Chuo kilihamia viwanja vipya mwaka 1932, na sekondari ikabaki palepale Magazine. Wahitimu wa mwanzo walitumwa vijijini kufundisha katika shule ndogo alizozijenga kwa fedha zake.

Alipingwa, naam. Mwaka 1891, nyumba mama ya shirika ilipokuwa inawekewa jiwe la msingi, ilipatikana baruti karibu na hapo. Mwaka 1922 huko Beaumont, Texas, kundi la Ku Klux Klan lilitishia kanisa na shule ya masista wake. Aliendelea kujenga.

Lakini linalotugusa zaidi sisi tunaohesabu senti za nyumba ni maisha yake ya kila siku. Mwanamke huyu, ambaye maisha yake yote alitoa karibu dola milioni 20, aliandika kwa penseli mpaka ikawa kipande kisichoshikika, na inasemekana alivaa jozi moja ya viatu kwa miaka 10, ikitengenezwa na kutengenezwa tena. Ilifika mahali Bunge la Marekani, mwaka 1924, likapitisha kifungu cha kuwasamehe kodi ya mapato watu waliotoa karibu kila walichopata, na kila mtu alijua ni sista gani wa Philadelphia aliyefikiriwa.

Hatutaki kumchora kama malaika. Kwa muda mrefu shirika lake halikupokea wasichana weusi kuwa watawa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakutaka kuyanyang'anya miito mashirika ya masista weusi yaliyokuwepo tayari. Huenda ni kweli, ila msichana aliyefundishwa na masista hao na kutamani kufanana nao hakuliona hivyo, na sisi tunamwelewa.

Je, mbegu hiyo imeota nini? Norman Francis alikuwa mtoto wa kinyozi wa mji wa Lafayette. Alisoma Xavier, akamaliza mwaka 1952, na mwaka 1968 akawa mkuu wa chuo hicho, mtu mweusi wa kwanza na mlei wa kwanza kushika nafasi iliyokuwa ya masista. Aliishika kwa miaka 47. Mwaka 1961, vijana waliopanda mabasi kupinga ubaguzi walipofika New Orleans wakiwa wamepigwa na hakuna aliyetaka kuwapa malazi, yeye ndiye aliyesaidia wakalala katika bweni la chuo.

Regina Benjamin, aliyemaliza hapo mwaka 1979, amesema kwamba kabla ya kufika chuoni hakuwahi kumwona daktari mweusi. Fikiri basi maana ya kumwona mmoja kwa mara ya kwanza! Mwaka 1990 alifungua zahanati katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Bayou La Batre, Alabama, ambako wengi hawakuwa na bima. Kimbunga kiliiharibu mwaka 1998. Akaijenga. Kimbunga Katrina kikaiharibu tena mwaka 2005. Akaanza kuijenga, nayo ikaungua moto mwanzoni mwa 2006. Akaijenga mara ya tatu. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2013 alikuwa mganga mkuu wa Marekani nzima. Na si yeye peke yake: kwa miaka mingi Xavier, chuo kidogo kabisa, kimekuwa miongoni mwa vinavyoongoza kwa kupeleka vijana weusi katika udaktari.

Katrina haikukiacha chuo chenyewe. Maji yaliingia katika viwanja vyote Agosti 2005, wanafunzi wakatawanyika, na wengi walidhani ndio mwisho. Masomo yalianza tena Januari 2006, na kama robo tatu ya wanafunzi walirudi. Kaulimbiu ya chuo husema kwamba kwa msaada wa Mungu hakuna la kuogopa.

Mama Katharine hakuyaona hayo. Alishikwa na ugonjwa wa moyo mwaka 1935, akaishi karibu miaka 20 chumbani katika sala, akafariki tarehe 3 Machi 1955 akiwa na miaka 96. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, siku ile ile alipotangazwa Yosefina Bakhita, binti wa Sudani aliyeuzwa utumwani. Miujiza miwili iliyokubaliwa ilikuwa ya masikio: kijana mmoja na mtoto mdogo wa kike, wote wakarudishiwa kusikia.

Sasa turudi kwenye ule wosia. Katharine alipofariki bila mtoto, mtaji wa baba uligawiwa kama ulivyoandikwa. Shirika lake lilikuwa halijazaliwa wakati wosia ule unaandikwa, hivyo masista hawakupata kitu. Waliendelea na shule zao kwa karo, misaada na jasho, huku idadi yao ikipungua. Mapema mwaka 2013 walitangaza kwamba sekondari ile ya Magazine, ambayo wakati huo ilikuwa ya wasichana watupu, itafungwa mwaka wa masomo ukiisha.

Wanawake waliosoma pale walikataa. Walikuwa walimu, wauguzi, wanasheria, na akina bibi wa nyumbani, wengine wakiwa na mabinti na wajukuu katika madarasa yale yale. Walikutana, wakachangishana, wakatafuta mkopo, wakalichukua jengo mikononi mwao. Kwa kuwa shule haikuwa tena ya masista ilibidi ipewe jina jipya. Waliiita Mtakatifu Katharine Drexel, na mwaka ule ule wa 2013 wasichana wakaingia darasani kama kawaida.