Manowari ya Bomba Tatu na njaa ya makaa

Ikitajwa manowari ya Kijerumani Königsberg, wengi hukimbilia Unguja, asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, ilipoizamisha manowari Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga bandarini kutengeneza mashine yake. Au husifiwa nahodha wake, Max Looff. Sawa, lakini meli hii iliendeshwa na kuangamizwa na mambo ya chini ya sitaha: makaa ya mawe na mashine iliyoyala.

Watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, kwa dohani zake. Iliundwa Kiel, ikaanza kazi mwaka 1907: urefu mita 115, mizinga kumi ya sentimita 10.5, mbio zaidi ya kilometa 44 kwa saa. Pacha wake Stettin alipewa tabaini, mtambo mpya wakati ule. Königsberg ikabaki na injini mbili za pistoni. Mvuke uliingia kwanza silinda ndogo, ukasukuma, kisha badala ya kuachiwa upotee ukapelekwa silinda kubwa zaidi, na kutoka hapo nyingine kubwa kuliko hiyo, ukikamuliwa nguvu mara tatu. Ufundi wa kubana matumizi, na bado boila zake 11 hazikushiba.

Ilipoondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, mlo huo ungetoka wapi? Waingereza walikwisha kununua makaa yaliyokuwa kwenye bandari za Wareno huko Msumbiji ili Mjerumani asiyapate. Tarehe 6 Agosti iliikamata City of Winchester, meli ya mizigo iliyobeba chai, nje ya pwani ya Oman, ikachota makaa yake. Yalikuwa makaa ya India, hafifu, ya kuchafua boila. Ushindi wa kwanza ukaja na chakula kibovu.

Baada ya Unguja, injini moja ikavunjika. Meli ikaingia delta ya Rufiji na kujificha kwenye mikoko karibu na Salale, matawi yakafungwa milingotini. Vipande vya injini vikafunguliwa, vikaburutwa na wenyeji nchi kavu, kwenye vichaka na tope, hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ileile. Hapa ndipo ninapokereka. Looff tunamjua kwa jina na cheo. Waliovuta vyuma vile huitwa "vibarua" basi, kana kwamba vilitembea vyenyewe.

Injini ilipona, lakini mlango ulikwisha kufungwa. Chatham, manowari ya Waingereza, iliigundua mwishoni mwa Oktoba, na mwezi Novemba Waingereza wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mkondo mmoja. Wao wenyewe hawakuweza kuifuata ndani, kwa kuwa manowari zao kubwa zingekwama. Aprili 1915 meli iliyoletwa kutoka Ujerumani na makaa ya kuiokoa ilipigwa Manza, kaskazini ya Tanga, na makaa hayo hayakufika Rufiji.

Vilivyomaliza kazi ni Severn na Mersey, vyombo bapa vya Waingereza vilivyoundwa kwa ajili ya Brazili kutumika mto Amazon. Vilihitaji kina kisichofika mita mbili, Königsberg zaidi ya tano. Tarehe 6 Julai vilishindwa, na Mersey ikapigwa vibaya. Tarehe 11 vikarudi, ndege ikiwaelekeza wapigaji kwa redio hata ilipokuwa inaanguka. Looff akaamuru meli ilipuliwe kwa kichwa cha topido.

Mto wenyewe umeilinda kuliko sisi. Miaka ya 1960 mabaki yalikatwakatwa yakauzwa kwa uzito, kama mabati ya banda lililobomolewa. Leo delta ile inatambuliwa kimataifa kwa mikoko yake, na ni haki. Chuma kilichokuwa matopeni kingeweza nacho kuhesabiwa urithi.

Tukirudi 1915, baada ya meli kulipuliwa, vilivyosalia viligawanywa haraka. Mabaharia wakawa askari wa miguu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Mizinga yote kumi ikatolewa mtoni, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa vitani. Mmoja ukafungwa kwenye Goetzen ziwani Tanganyika, meli tunayoiita leo MV Liemba. Mmoja uko Pretoria, mwingine Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.