Unaundia mteja pakeji? Wachana na Sid kwanza

Najua toleo jipya linavyovutia, msee. Lakini kama unaunda pakeji ya Debian ya kuweka kwa mashine ya mteja, ijenge juu ya tawi imara, lile analotumia yeye. Ukiijengea Sid, tawi ambalo bado linapikwa, inaweza kudai maktaba mpya ambazo mashine yake haina, ikatae kuingia. Hapo M-Pesa utaingoja sana.

Halafu kuna usalama. Machi 2024, xz 5.6.0 na 5.6.1 zilipatikana na mlango wa siri. Zilikuwa zimeshaingia Sid. Tawi imara halikuguswa. Andres Freund alishtuka kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu!

Kwani Sid ni nani? Ni yule mtoto wa Toy Story anayevunja vitu vya kuchezea. Muweke kwa laptopu yako, akivunja kitu, ripoti.